Jezi ya Darini Haijengi Timu

Usiku wa Januari 12, 2024, klabu ya Chicago Bulls iliwaita watu wake wa zamani kwenye ukumbi wa United Center ili kuwaenzi. Lilipotajwa jina la Jerry Krause, mashabiki walizomea. Krause mwenyewe alikwishafariki mwaka 2017. Aliyekuwepo ni mjane wake, na runinga zikamwonyesha akilia mbele ya umati.

Aliyezomewa ndiye aliyekuwa meneja mkuu wa Bulls katika mataji yote sita ambayo klabu hiyo imewahi kutwaa. Ni kweli kwamba Michael Jordan alikuwepo kabla yake: Bulls walimchukua mwaka 1984, Krause akaingia ofisini 1985. Lakini Jordan alicheza misimu sita bila kuiona fainali, mpaka Krause alipomzungushia watu. Alimwona Scottie Pippen katika chuo kidogo cha Arkansas, akampata mwaka 1987 kwa kubadilishana na Seattle. Alimtoa Phil Jackson katika ligi ya daraja la chini na mwaka 1989 akampa timu. Mwaka 1995 akamleta Dennis Rodman, mtu ambaye klabu nyingi zilikuwa zikimkwepa.

Mashabiki hawajamsamehe kwa kuivunja timu ile baada ya 1998, na hapo wana hoja. Lakini chuki dhidi ya Krause ilianza zamani, timu ikiwa bado inashinda, na mzizi wake ni imani moja: kwamba mtu asiyewahi kucheza hata dakika moja ya NBA hana haki ya kuwaamulia waliocheza. Imani hiyo huibuka kila klabu inapofukuza meneja mkuu na kuanza kutafuta mwingine. Jibu la vijiweni na la studio za runinga huwa lilelile: mleteni gwiji, aliyecheza ndiye anayejua.

Tuanze na gwiji kuliko wote. Mwaka 2000 Jordan alikabidhiwa shughuli za kikapu za Washington Wizards. Mwaka uliofuata klabu ikapata bahati ya kuchagua ya kwanza katika drafti, naye akamchukua Kwame Brown, kijana aliyetoka moja kwa moja sekondari na ambaye hakuwahi kufikia hata nusu ya matarajio. Aliyechaguliwa wa tatu usiku ule ni Pau Gasol, ambaye leo jina lake limo katika Jumba la Heshima la kikapu. Mei 2003 mmiliki Abe Pollin akaachana na Jordan. Mwaka 2006 akaibukia Charlotte, na chini ya usimamizi wake klabu ikamchukua Adam Morrison wa tatu katika drafti. Msimu wa 2011-12, Jordan akiwa sasa ndiye mmiliki, timu ilishinda mechi 7 na kupoteza 59, uwiano mbovu kuliko wa timu yoyote katika historia ya ligi.

Isiah Thomas alitwaa ubingwa na Detroit mwaka 1989 na 1990. New York Knicks wakamfanya bosi Desemba 2003. Mwaka 2005 alimtaka Eddy Curry wa Chicago, na katika bei aliyolipa lilikuwamo chaguo la raundi ya kwanza la 2006 ambalo hakuliwekea kinga yoyote. Knicks wakafanya vibaya mno, chaguo lile likawa la pili katika drafti nzima, na Bulls ndio waliolitumia. Kufikia msimu wake wa mwisho, 2007-08, Knicks walishinda mechi 23 kati ya 82.

Magic Johnson aliingia ofisi ya Lakers Februari 2017. Jina lake halikukosa faida, maana LeBron James alisaini mwaka uliofuata. Ila kumpata LeBron ni mwanzo wa kazi. Timu iliyoundwa kumzunguka ilimaliza na ushindi 37 na vipigo 45, na Aprili 9, 2019, Magic akawatangazia waandishi kwamba anajiuzulu kabla hajamwambia mmiliki wa klabu, Jeanie Buss. Ubingwa ulikuja 2020, Rob Pelinka akiwa kwenye usukani, mtu aliyetokea kwenye uwakala wa wachezaji.

Mtetezi wa magwiji atasema hao ni bahati mbaya tatu. Mimi nasema ni kazi mbili tofauti. Meneja mkuu hapigi mpira. Kazi yake ni kukisia kijana wa miaka 19 atakuwa nani akifika 25. Ni kuona leo kwamba mkataba unaoshangiliwa utaikaba klabu koo baada ya miaka mitatu. Ni kuielewa hati ya makubaliano kati ya ligi na chama cha wachezaji, yenye mamia ya kurasa, ambamo kosa dogo la hesabu hugharimu msimu. Chini ya makubaliano ya 2023, klabu inayovuka kiwango cha pili cha matumizi hairuhusiwi hata kujumlisha mishahara ya wachezaji wawili ili kumpata mmoja mwenye mshahara mkubwa. Kati ya mambo hayo, ni lipi linalofundishwa na kufunga pointi 40 katika fainali? Wahenga walisema usione vyaelea, vimeundwa. Nahodha stadi huijua bahari, lakini aliyeunda jahazi ni fundi aliyebaki ufukweni na tezo yake.

Tena kipaji kikubwa kinaweza kuwa kikwazo. Aliyeruka bila kujiuliza anarukaje ni rahisi kudhani kwamba wengine wanashindwa kwa uvivu. Huwapima vijana kwa kioo chake mwenyewe, akitafuta ule moto aliokuwa nao yeye, na asipouona hukasirika. Mchezaji wa kawaida aliyekaa benchi miaka kumi, au skauti aliyelala kwenye hoteli za bei nafuu akitazama mechi za vijana, hana anasa hiyo. Imembidi kujifunza kuona, kwa sababu hakuwa na kingine cha kumlisha.

Upo upande wa pili, tena una majina mazito. Jerry West alikuwa mmoja wa walinzi bora wa enzi zake, kisha akawa mmoja wa mameneja bora waliowahi kutokea. Mwaka 1996 alimtoa Vlade Divac ili apate haki za kijana wa sekondari aitwaye Kobe Bryant, na kiangazi hichohicho akamsajili Shaquille O'Neal. Danny Ainge alicheza, akajenga Boston iliyotwaa ubingwa wa 2008. Joe Dumars alicheza, akajenga Detroit ya 2004, ingawa ni yeye pia aliyemchukua Darko Milicic wa pili mwaka 2003 huku Carmelo Anthony, Chris Bosh na Dwyane Wade wakisubiri kuitwa.

Lakini tazama West alipitia wapi. Baada ya kutundika viatu aliifundisha Lakers kwa misimu mitatu, kisha akawa skauti wa klabu hiyohiyo kwa miaka mingine mitatu. Alipokabidhiwa umeneja mkuu mwaka 1982 alikuwa amekwisha kuwa mwanafunzi wa kazi nyingine. Wanaomtaja West kama ushahidi wa ugwiji wanairuka miaka yake ya uskauti, nayo ndiyo ushahidi wenyewe.

Nisieleweke vibaya: kutokucheza nako si cheti. Sisi Waafrika Mashariki tuna kumbukumbu yetu ya jambo hilo. Juni 2009, Memphis Grizzlies walimchagua Hasheem Thabeet, kijana wa Dar es Salaam, wa pili katika drafti nzima. Tanzania ilifurahi, na ilikuwa na haki ya kufurahi. Lakini wa tatu alikuwa James Harden na wa saba alikuwa Stephen Curry. Thabeet alimaliza maisha yake ya NBA na wastani wa pointi 2.2 kwa mechi. Meneja aliyemchukua, Chris Wallace, hakuwahi kucheza NBA. Usiku huohuo David Kahn wa Minnesota, ambaye zamani alikuwa mwandishi wa michezo, alikuwa na chaguo la tano na la sita yakifuatana. Akachukua walinzi wawili, Ricky Rubio na Jonny Flynn, na wote wawili hawakuwa Curry. Basi swali la "alicheza au hakucheza" halitenganishi wazuri na wabaya. Ni swali bovu, na klabu inayoanza upekuzi wake nalo imekwishapotea njia.

Swali zuri ni hili: huyu mtu aliona nini kabla ya wengine, na ushahidi uko wapi? Sam Presti aliingia San Antonio Spurs mwaka 2000 kama mwanafunzi wa mafunzo kazini, akawa miongoni mwa waliosukuma Tony Parker achaguliwe. Mwaka 2007 akakabidhiwa Seattle, klabu iliyohamia Oklahoma City mwaka uliofuata, akiwa na miaka thelathini hivi. Katika drafti tatu mfululizo akamchukua Kevin Durant, Russell Westbrook na Harden. Mwaka 2019 alimpeleka Paul George kwa Clippers, akapokea Shai Gilgeous-Alexander na rundo la machaguo, mojawapo likaja kuwa Jalen Williams. Timu ikapigwa misimu miwili mizima, naye hakutikisika. Juni 2025 wakawa mabingwa.

Masai Ujiri, ambaye mama yake ni Mkenya na baba yake Mnigeria, alicheza kikapu cha kawaida Ulaya. Alianza kuisakia Orlando Magic vipaji bila mshahara. Mwaka 2013, akiwa Denver, alichaguliwa mtendaji bora wa mwaka. Mwaka 2018, akiwa Toronto, alimtoa DeMar DeRozan, kipenzi cha jiji zima, ili amchukue Kawhi Leonard ambaye mkataba wake ulikuwa umebakiza msimu mmoja. Gwiji anayeishi kwa kupendwa angeogopa. Toronto ikatwaa ubingwa wa 2019. Naye Tim Connelly, aliyeanza na kazi ndogondogo za ofisini Washington, ndiye aliyekuwa meneja wa Denver ilipomchukua Nikola Jokic wa 41 mwaka 2014, wakati runinga ya Marekani ikionyesha tangazo la chakula.

Kwa nini basi wamiliki huwarudia magwiji? Sidhani ni ujinga. Gwiji ni ngao. Ukimwajiri, siku ya kwanza kila gazeti linaweka picha yake akitabasamu, na tiketi zinauzika. Msimu wa kwanza ukiwa mbovu, mashabiki watasema apewe muda. Ukimwajiri mtu wa miaka thelathini asiyejulikana, kipigo cha kwanza kinakuwa chako wewe mmiliki. Kwa hiyo uteuzi wa gwiji mara nyingi haulengi kuijenga timu. Unalenga kutuliza jukwaa, na sisi mashabiki tunatulizwa kwa hiari yetu.

Siku hizi imani hii imebadilisha nguo. Badala ya aliyecheza, anatafutwa anayejuana na wanaocheza. Dallas Mavericks walimleta Nico Harrison mwaka 2021 kutoka Nike, ambako kwa karibu miongo miwili alikuwa ameshughulika na nyota wakubwa. Mtaji wake ulikuwa simu yake. Nisimdhulumu: alimpata Kyrie Irving, na timu ilifika fainali ya 2024. Kisha Februari 2025 akamtoa Luka Doncic, mwenye miaka 25, kwa Lakers ili ampate Anthony Davis, mtu wa miaka 31 mwenye historia ndefu ya majeraha, pamoja na Max Christie na chaguo moja tu la raundi ya kwanza. Davis alikuwa mtu aliyemjua vizuri tangu enzi za Nike. Kujuana ndiko kulikompa kazi, na naamini kujuana ndiko kulikomfumba macho. Novemba 2025 akafukuzwa, timu ikiwa imeshinda mechi 3 kati ya 11.

Anayetafuta meneja mkuu, basi, na aanze kwa kudai makaratasi. Mtahiniwa alete orodha alizoandika kabla ya drafti tano zilizopita, siyo simulizi za baada. Aeleze mchezaji aliyemkosea na alichobadilisha katika kazi yake baada ya hapo. Ataje wasaidizi atakaokuja nao na nani kati yao ana ruhusa ya kumwambia hapana. Apewe mkataba wa kufikirika wa miaka minne na aonyeshe ubaoni utakavyoikaba klabu mwaka wa tatu. Mwisho aulizwe atafanya nini mmiliki akimpigia simu usiku akitaka nyota fulani. Akifaulu hayo na kumbe aliwahi kuwa bingwa, heri. Asipofaulu, ubingwa wake usimwokoe.

Kuhusu mmiliki, naye ana mtihani wake. Presti alishinda mechi 20 msimu wake wa kwanza na 23 wa pili, wala hakufukuzwa. Asiyeweza kuvumilia hilo hata akimpata fundi atamharibia kazi.

Gwiji apewe heshima yake yote: jezi yake itundikwe darini, ajengewe sanamu nje ya uwanja, awe mshauri kama West alivyowashauri Golden State uzeeni. Ila akitaka kiti cha meneja mkuu, apange foleni pamoja na maskauti, na afanye mtihani uleule.