NANI ANAMLIPA MKAGUZI?



Mkaguzi wa hesabu akija kukagua chama chenu cha ushirika, analala wapi? Pengine analala kwa katibu wa chama. Anachinjiwa kuku. Si vibaya kumkirimu mgeni. Lakini kesho yake atamwuliza katibu yule yule habari za stakabadhi zisizoonekana. Je, ulimi hautakuwa mzito?

Kuku ni jambo dogo. Hatari kubwa huja mkaguzi anapopata riziki yake kwa yule anayemkagua. Marekani waliona hasara yake.

Katika mji wa Houston palikuwa na kampuni iitwayo Enron. Ilifanya biashara ya gesi na umeme. Hesabu zake zilikaguliwa na kampuni ya Arthur Andersen. Mwaka 2000 Enron iliilipa Andersen dola milioni 52. Dola milioni 25 zilikuwa za ukaguzi. Dola milioni 27 zilikuwa za kazi nyingine, kama ushauri. Andersen ilikuwa na ofisi katika nchi nyingi. Kwa kampuni nzima fedha hizo zilikuwa sehemu ndogo ya mapato. Lakini ofisi yake ya Houston ilizitegemea sana.

Enron ilikuwa inaficha madeni. Iliyapeleka katika vitabu vya kampuni ndogo ndogo ilizoziunda yenyewe. Februari 2001 wakubwa wa Andersen walikutana. Walijua kuwa hesabu za Enron zina mashaka. Wakajadili: tuendelee kuikagua au tuache? Katika mkutano huo huo walitaja kuwa malipo ya Enron yanaweza kufika dola milioni 100 kwa mwaka. Wakaamua kuendelea.

Desemba 2001 Enron ilifilisika. Maelfu ya wafanyakazi walipoteza kazi. Wengi walipoteza pia akiba yao ya uzeeni. Wateja wakaikimbia Andersen, nayo ikaanguka mwaka 2002.

Mwaka huo Marekani ilitunga sheria mpya. Mkaguzi wa kampuni zinazouza hisa kwa umma haruhusiwi kuandika vitabu vya kampuni, kisha avikague mwenyewe. Mameneja hawamchagui tena. Hata hivyo, malipo yake bado yanatoka kwa kampuni ile ile anayoikagua.

Taarifa ya ukaguzi ikisomwa katika mkutano mkuu wa chama chenu, simama uulize. Nani alimchagua mkaguzi huyu? Nani anapanga malipo yake? Ana kazi gani nyingine katika chama chetu?