Simu Haimwondolei Daktari Dhamana

Ndugu Mhariri,

Makala mliyochapa juu ya tiba kwa simu inaitaka serikali ijiondoe kabisa, kwa hoja kwamba daktari na mgonjwa ni watu wazima wanaokubaliana. Napinga.

Makubaliano hayo si ya watu walio sawa. Mama wa Lodwar anayepiga simu usiku, mwili wa mwanawe ukichemka kwa homa, atajuaje kama sauti inayomjibu ni ya daktari au ya tapeli? Kinga yake ni leseni, na leseni ina maana pale tu penye chombo kinachoweza kuifuta.

Mwandishi anaitumia Texas kama ushahidi. Kweli, mwaka 2015 bodi ya madaktari ya jimbo hilo ilipitisha kanuni iliyomtaka mgonjwa aonwe ana kwa ana kabla ya kuandikiwa dawa, na kampuni ya tiba kwa simu, Teladoc, ikaenda mahakamani kuipinga. Lakini kisa hakiishii hapo. Mwaka 2017 bunge la jimbo liliondoa sharti hilo, likabakiza leseni na kiwango kilekile cha huduma. Kanuni mbovu ilirekebishwa, udhibiti ulibaki.

Kenya nayo iliitambua tiba kwa simu katika Sheria ya Afya ya 2017, kisha ikaja Sheria ya Afya ya Kidijitali ya 2023. Tudai zitekelezwe. Dawa ikimdhuru mtoto, mama awe na mlango wa kubisha, si namba iliyozimwa.