Popkoni ya Sinema Inaita Kila Mtu, Halafu Inachagua

Kuna watu wataniambia hii si mada. Bei ya unga iko vile iko, nauli inapanda mvua ikinyesha, na mimi naandika kuhusu harufu ya popkoni. Sawa. Lakini nimekaa na hii kitu kifuani tangu likizo ya Desemba, na leo naitoa.

Maoni yangu ni haya: ile harufu inayokupokea ukitoka kwa lifti pale sinema ni tangazo linaloshinda bango lolote la filamu, na wenye sinema zetu wanalitumia vibaya. Wanaalika kila pua iliyo ndani ya jumba la maduka, halafu wanaweka bei ya watu wachache.

Tuanze na harufu yenyewe, kwa sababu watu wanadhani ni ya siagi tu. Mbegu ya popkoni ina maji ndani, karibu asilimia 14 ya uzito wake. Ukiipasha moto mpaka karibu nyuzi 180, yale maji yanageuka mvuke, ganda linashindwa kuuzuia, mbegu inapasuka. Kwa huo moto kunatoka kemikali inayoitwa 2-asetili-1-pirolini. Jina achana nalo. Cha kujua ni kwamba kemikali hiyo hiyo ndiyo hufanya pishori ya Mwea inukie mpaka jirani ajue leo kwenu kuna wageni. Iko pia kwa ganda la mkate uliotoka kwa oveni sasa hivi. Kwa hivyo hata mtu ambaye hajawahi kukanyaga sinema maisha yake yote, akisikia ile harufu anahisi ni kama anaijua. Anaijua kweli. Ameila Krismasi na Idd. (Kuna mnyama wa Asia anaitwa binturong, mkojo wake una kemikali hiyo na unanukia popkoni. Sikuwa na mahali pa kuweka hii, lakini singeweza kuiacha.)

Ongeza mafuta. Sinema nyingi za Marekani hukaanga popkoni kwa mafuta ya nazi, halafu zinatia chumvi iliyosagwa laini kama vumbi, yenye rangi ya manjano na ladha ya siagi. Mtu wa Kilifi akisimama karibu na mashine kama hiyo anaweza kufikiri ameitwa nyumbani.

Na harufu hii haikai. Popkoni ya jana haiiti mtu. Lazima mashine iwe inapasua sasa hivi, watu wakiingia sasa hivi. Ndiyo maana haijafichwa jikoni nyuma, iko pale mbele, kwa vioo na taa, hatua chache kutoka kwa tiketi. Bango unaweza kupita bila kuliangalia. Pua huwezi kuizima, lazima upumue.

Sasa kitu ambacho wengi hawajui, na ndicho kinanikasirisha zaidi: popkoni iliingia sinema kwa sababu watu walikuwa wamesota.

Mwanzoni sinema za Marekani hazikuitaka kabisa. Mashine ilikuwepo tayari. Charles Cretors, muuza peremende wa Chicago, alikuwa ameonyesha kigari chake cha kupasua popkoni kwenye maonyesho makubwa ya mji huo mwaka 1893, na wachuuzi wakawa wanasukuma vigari barabarani. Vile vigari vya vioo unavyoviona jioni hapa tao ni wajukuu wa kile. Lakini wenye sinema walikuwa na mazulia, walikuwa na taa za kuning'inia, walitaka waonekane kama ukumbi wa opera. Filamu zenyewe zilikuwa bubu. Sasa mtu atafune pale watu wanasoma maneno kwa skrini? Wakakataa. Kuna sinema zilikuwa zinakwambia uache popkoni yako mlangoni pamoja na koti.

Halafu mambo mawili yakatokea. Mwaka 1927 filamu zikaanza kuongea, kelele ya kutafuna ikamezwa. Na 1929 uchumi ukaanguka. Watu hawana kazi, hawana pesa, lakini wanataka saa mbili za kusahau. Kifuko cha popkoni kilikuwa senti 5 au 10. Hicho ndicho kitu cha anasa ambacho mtu aliyefilisika angeweza kujinunulia bila kujiuliza mara mbili. Mama mmoja wa Kansas City, Julia Braden, aliomba sinema moja imruhusu asimame na kibanda chake ndani ya ukumbi wa kuingilia. Kufika 1931 alikuwa na vibanda kwa sinema nne. Na huko Dallas kuna kampuni iliweka mashine za popkoni kwa sinema zake 80, lakini zile tano nzuri zaidi ikaziacha bila, isije ikaziaibisha. Ndani ya miaka miwili zile za popkoni zilikuwa zinapata faida, na zile tano za kifahari zinakula hasara.

Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia sukari ikawa adimu, peremende zikapotea, popkoni ikabaki peke yake. Kufika 1945, zaidi ya nusu ya popkoni yote iliyoliwa Marekani ililiwa ndani ya sinema.

Kwa hivyo chakula cha mtu aliyesota ndicho kiliokoa sinema. Leo ukitembea na familia pale, hicho hicho ndicho kinakufanya uhesabu pesa mara tatu kwa mfuko kabla ya kufika mbele ya laini.

Desemba niliwapeleka binamu zangu watatu kuona katuni. Mkubwa ana miaka kumi na moja, mdogo ana mitano, wote walikuwa mara yao ya kwanza. Nilikuwa nimejipanga: tiketi nne, matatu kwenda na kurudi, na njugu karanga kwa mkoba kwa sababu najua njaa ya watoto. Mlango wa lifti ulipofunguka tu, yule mdogo akasimama. "Nini inanukia hivyo?" Nikamwambia. Akauliza tena, pole pole, kama anaogopa jibu, "Na ni ya watu gani?"

Manze.

Njugu zikachukuliwa mlangoni, ati chakula cha nje hakiruhusiwi. Sitaja ni sinema gani, zote ni karibu zilezile. Popkoni ndogo kabisa waliyokuwa nayo ilikaribia bei ya tiketi ya mtoto. Ndoo kubwa na soda ilipita tiketi yangu mimi mtu mzima. Nikanunua ile ndogo moja, tukagawana wanne. Iliisha matangazo yakiendelea. Filamu ilikuwa tamu, sitadanganya, walicheka mpaka wakalia. Lakini njiani kurudi nyumbani mdogo hakuniuliza kitu kuhusu filamu. Aliniuliza kama wale watu wa ndoo kubwa wanaweza kumaliza yote.

Najua upande wa pili wa hii hadithi, na nitausema vizuri kwa sababu ni wa kweli. Sinema haiishi kwa tiketi. Sehemu kubwa ya pesa ya tiketi, mara nyingi karibu nusu, inarudi kwa wenye filamu, na kwa filamu kubwa wiki za kwanza inaweza kupita nusu. Popkoni ni tofauti: mahindi, mafuta, chumvi, hewa. Hewa ndiyo nyingi, kwa sababu mbegu moja inavimba mara 20 mpaka 40. Hata kampuni kubwa kama AMC ya Marekani, ukiangalia hesabu zake, vyakula na vinywaji vinaigharimu chini ya robo ya pesa inayopata kwa kuviuza. Hiyo tofauti ndiyo inalipa stima, kodi, na yule kijana anayefagia chini ya kiti chako.

Kuna hata wanauchumi wawili, Ricard Gil na Wesley Hartmann, walichambua mauzo ya sinema za Uhispania wakasema popkoni ghali ina faida kwa mwenye pesa kidogo. Hoja yao ni hivi: tiketi inabaki chini, mlangoni kila mtu anaingia, halafu yule anayetaka raha zaidi ndiye analipa zaidi. Asiyetaka ananyamaza na kuangalia filamu yake.

Kwa makaratasi nakubali. Kwa mtu mzima aliyeenda peke yake Jumatano mchana, nakubali kabisa. Lakini sisi tunaenda sinema peke yetu lini? Hapa sinema ni deti, ni siku ya kuzaliwa, ni watoto wamefunga shule. Jaribu kukaa mkavu mbele ya msichana uliyemwalika wewe mwenyewe, harufu imewazunguka kama blanketi. Jaribu kumweleza mtoto wa miaka mitano kwamba asiponunua anasaidia bei ya tiketi ibaki chini. Watu wanafanya hesabu ya siku yote kabla hawajatoka nyumbani, tiketi pamoja na popkoni pamoja na nauli, na wengi wakimaliza hiyo hesabu wanabaki nyumbani na Netflix ya rafiki.

Na sisi si mji wa kuchezea watu wa sinema. Ukishuka Odeon leo unashuka steji. Ni watu wangapi wa rika langu wanajua lile jina lilikuwa la sinema? Mzunguko wa Globe pale kwa barabara umeitwa kwa jina la sinema, na sinema yenyewe hakuna. Nyumba za filamu za mji huu ziligeuka makanisa, kasino na maduka, na nyingi tulizobaki nazo zimepanda juu ya majumba ya maduka, ghorofa ya mwisho, mahali mtu hapiti kwa bahati. Zilipofungwa Machi 2020 kwa sababu ya korona tulionja vile itakuwa zikienda kabisa. Sizitakii hivyo. Nataka ziwe nyingi mpaka Kayole.

Ndiyo maana nasema wanashindwa na kitu rahisi. Hii ni Kenya. Tuliwafundisha watu wa mafuta ya kupikia kuuza kadogo. Tuliwafundisha watu wa sabuni, majani chai, blubandi ya kupakwa kwa kijiko dukani, mpaka kampuni ya simu ikakubali kuuza muda wa maongezi wa shilingi 5. Hakuna mtu aliyeona aibu, na hakuna aliyefilisika. Sinema ndiyo mahali pekee ninapojua ambapo kadogo bado ni matusi. Ukubwa wao wa kwanza ni ndogo ambayo si ndogo, halafu wanakusukuma kwa ya kati kwa kukwambia ongeza mia tu.

Watasema kadogo itaua ndoo. Sidhani. Wa ndoo atanunua ndoo, ameshaamua kabla hajaegesha gari. Kadogo inamchukua yule ambaye leo ananunua sifuri, na kule nje ya lile jumba kuna jamaa wa kigari anayemuuzia huyo mtu popkoni ya ishirini bob, bado ya moto, anakula haraka haraka akipanda ngazi ili isichukuliwe mlangoni. Hiyo pesa inabaki barabarani kila wikendi. Sina shida nayo kubaki barabarani, jamaa wa kigari ana watoto pia. Lakini basi sinema isilie kwamba watu hawanunui.

Halafu kuna hili la kupekua mikoba. Kwa kibanda cha video tulichokulia, DJ Afro akitafsiri filamu ya Kichina kwa sauti ya kupasuka, ulilipa kumi au ishirini na ukaingia na muwa ukitaka. Hakukuwa na harufu ya popkoni, kulikuwa na harufu ya soksi na mafuta ya taa, na palijaa. Sisemi sinema iwe kibanda. Sitaki mtu akae karibu nami na samaki wa kukaanga. Ila njugu za mtoto wa miaka mitano zinaharibu nini?

Bei yangu ni mia moja. Mfuko wa khaki, chumvi, bila ndoo, bila kifuniko, bila picha ya katuni. Pasueni wakati watoto wanaingia, msiwape ya saa mbili zilizopita. Kama unamiliki sinema na umefika hapa, nitafute. Likizo ya Aprili nitakuwa na wale watoto watatu, na mkubwa ameshanionya kwamba atakuja na rafiki zake wawili.