Mugunga: msaada wa waislamu usiishie siku ya Idi

Ramadani ikikaribia kwisha, waislamu hutoa zaka ya fitri: pishi moja ya chakula, karibu kilo 2 na nusu, kwa kila mtu wa nyumba, ili maskini apate kula siku ya Idi. Ni jambo jema. Lakini unga huo huisha kwa siku chache.

Mugunga imepokea wakimbizi wa vita kwa miaka mingi, na tarehe 3 Mei 2024 mabomu yaliangukia hata makambi yao. Januari 2025 M23 ikateka Goma, benki zikafunga milango. Februari makambi yakavunjwa. Mama aliyeuza makala ao sambaza kando ya barabara ya Sake alikula mtaji wake wote. Huyo anahitaji kitu cha kuanzia, si unga peke yake.

Jumuiya ya waislamu, COMICO, ina njia. Zaka ya mali, ile ya 2.5 kwa mia, si lazima ingoje Ramadani, na Kurani inawataja wenye madeni kati ya wanaostahili kuipata. Basi kila msikiti uandike familia, avenue kwa avenue. Zaka ilipe deni la mjane; sadaka ya kawaida ikopeshwe bila riba kwa anayetaka kununua gunia la makala. Hesabu isomwe mbele ya waamini wote, maana siri ndiyo huua mifuko ya namna hii. Jirani mkristo naye asisahauliwe: sadaka inamruhusu, hata kama wengine watanung'unika.