Seva ikigoma, someni kabla ya kufuta

Na Mado Asani

Umeme wa bwawa la Tshopo hapa Kisangani ukikatika, tunawahurumia wenye saluni na wenye friji za samaki. Leo nawasemea watu wa zahanati na shule waliohamisha madaftari yao kwenye kompyuta. Umeme unarudi, mashine inawaka, lakini huduma ya MySQL, programu inayotunza data hizo, inakataa kuanza. Wagonjwa wamepanga foleni, mkubwa anapiga simu kila dakika, na fundi anaanza kufuta faili asizozijua, au anaing'oa programu yote aiweke upya.

Mara nyingi data ilikuwa bado nzima. Haraka yetu ndiyo iliyoiua.

Seva yenyewe huandika kwa nini imegoma. Amri ya systemctl mara nyingi itakuambia tu kwamba imeshindwa. Sababu iko katika faili la makosa, au kwa journalctl. Pengine diski imejaa. Pengine poti 3306 imeshikwa na programu nyingine. Ila linalowachanganya wengi ni la ruhusa. Kwenye Linux, kwa kawaida huduma hii huendeshwa na mtumiaji aitwaye mysql. Fundi akirudisha foda ya data akiwa root, yaani mtumiaji mwenye mamlaka yote, faili zinakuwa mali ya root, na huduma haiwezi kuzifungua hata kama hazina kasoro yoyote. Akiianzisha seva kwa mkono na kuilazimisha iendeshwe na root, inawaka; ikianzishwa kama huduma, inagoma. Hapo amri moja ya chown, ya kubadili mwenye faili, juu ya /var/lib/mysql inatosha, na kuna watu wamefomati diski kwa ajili ya hilo!

Pia, kuchelewa si kufa. Baada ya umeme kukatika, InnoDB, sehemu ya MySQL inayohifadhi data, hupitia kumbukumbu zake na kurekebisha miamala iliyoachwa njiani, na kwenye diski kuukuu kazi hiyo ni ndefu. Iacheni imalize. Vijana wanaokimbilia kupandisha innodb_force_recovery, kiwango cha kuilazimisha seva iwake, hadi 6 wajue kwamba mwongozo wa MySQL unaonya: kuanzia 4, data inaweza kuharibika moja kwa moja.

Wakubwa wa ofisi za Kisangani, mpeni fundi nafasi. Anakili kwanza foda nzima ya data kwenye diski ya nje, seva ikiwa imezimwa, ndipo asome na kutengeneza. Nunueni onduleri yenye betri nzuri kabla ya viti vipya vya ukumbi. Nakala ya kila usiku ilale katika jengo lingine, na kila mwezi mtu ajaribu kuifungua kwenye kompyuta nyingine.