Uhuru wa kusema bila wakili ni hewa tu

Mwaka jana niliandika kwenye blogu yangu kuhusu ploti moja hapa mtaani ambapo wapangaji hutozwa pesa za takataka kila mwezi, ilhali taka zinaozea getini. Nilikuwa na picha na risiti. Siku tatu baadaye nikatumiwa barua ya wakili kwa WhatsApp: futa na uombe msamaha kwa siku 7, la sivyo tukutane kortini.

Wasee, nilifuta siku hiyo hiyo. Si eti nilidanganya. Nilipiga hesabu tu. Mtu aliyeacha chuo kwa kukosa karo atatoa wapi doo ya wakili?

Kifungu cha 33 cha Katiba kinanipa uhuru wa kujieleza, na cha 34 kinalinda vyombo vya habari. Lakini uhuru huo hupiganiwa kortini, na kuna watu waliotupigania. Kitambo ungeshtakiwa kwa posti tu ya Facebook, chini ya Sehemu ya 29 ya sheria ya mawasiliano. Kijana mmoja aliyeshtakiwa hivyo akaenda Mahakama Kuu, na Aprili 2016 Jaji Mumbi Ngugi akaiharamisha sehemu hiyo. 2017, korti ikaondoa pia jela kwa kosa la kumharibia mtu jina. Na Januari 2018, serikali ilipozima Citizen, NTV na KTN kwa sababu ya kiapo cha Raila, Okiya Omtatah alikimbia kortini, na jaji akaagiza ziwashwe.

Mimi na wewe tunaposti leo kwa sababu ya kesi kama hizo, na hatukulipa hata ndururu.

Najua mtaniambia mawakili hujitolea bure. Kweli, Juni 2024 Chama cha Mawakili kilisimama na vijana waliokamatwa kwenye maandamano, na heshima zao tunawapa. Lakini wakati huo nchi nzima ilikuwa ikitazama. Barua yangu ilikuja Jumanne tulivu, na hakuna aliyejua. Stori nyingi huuawa namna hiyo, bila polisi wala jaji. Kituo kikubwa cha habari kina wakili wake. Mwandishi wa kujitegemea kule Kakamega ama Kilifi ana simu na bando tu.

Kufungua kesi ya kutetea haki zako ni bure, Kifungu cha 22 kinasema hivyo. Kinachotushinda ni wakili. Sasa, sisi huchanga M-Pesa kwa matanga, harusi na bili za hospitali. Kwa nini wanablogu, wapiga picha na watu wa podikasti tusiwe na chama chetu? Shilingi 100 kwa mwezi, watu 500, hiyo ni elfu hamsini. Inatosha kuanza na wakili kijana wa kujibu barua za vitisho, na wa kutusomea stori kabla hazijatoka. Maana tusidanganyane, kuna wenzetu pia huchafulia watu majina bila ushahidi, na hao wanahitaji wa kuwaambia "hapana".

Picha zangu bado ziko kwa simu. Takataka nazo bado ziko getini. Nikipata wa kusimama nami, nitaziposti tena.