Molo: Udongo Mwema, Gunia Bovu

Mwanafunzi wa Jiografia akiulizwa kwa nini Molo hulima viazi na pareto, atajibu upesi: miinuko ya Mau, baridi, mvua na rutuba. Jibu ni sahihi. Mbona basi mkulima wa huko angali hohehahe?

Pareto, iliyoiweka Kenya mbele ya mataifa yote kwa miongo mingi, ilididimia mwanzoni mwa karne hii. Malipo yalicheleweshwa mno, wakulima wakaing'oa. Viazi navyo havingoji. Barabara zikigeuka matope na karo ikidaiwa, dalali ndiye hupanga bei, tena kwa gunia lililoongezewa wavu juu mithili ya kilemba. Kanuni za 2019 ziliweka kikomo cha kilo 50. Nani huzisimamia?

Molo, iliyopata kuwa wilaya, sasa ni kaunti ndogo. Chifu na naibu kamishna huwajibika kwa Nairobi. Kilimo, tangu 2013, kimo mikononi mwa serikali ya kaunti, Nakuru. Baina ya ngazi hizo mbili gunia hupita bila kupimwa. Kabla ya kujenga ofisi nyingine, wawakilishi wa wadi na wapitishe fedha za mizani na wakaguzi katika kila kituo cha kupakia viazi, alfajiri malori yanapowasili.